Maoni: Kumheshimu mzee si kumkalisha kutwa

Asubuhi ya siku ya Mungu, kabla jua halijatoka vizuri, vikundi vya vijana hupita wakikimbia katika barabara za Goma na Bukavu. Wanaimba, wanapiga makofi, jasho linatoka, na anayebaki nyuma anachekwa kidogo kisha anangojewa. Hiyo ndiyo inaitwa sporti. Kwenye mlango wa nyumba wanazopitia, mara nyingi kuna kiti cha plastiki, na juu ya kiti kuna mama mzee au baba mzee anayewatazama. Hakuna anayemwita. Hata yeye mwenyewe hafikiri kwamba jambo lile linamhusu.

Kuna makosa mawili hapo. La kwanza ni kuamini kwamba sporti ni kukimbia, na asiyeweza kukimbia basi hana kazi ya kufanya. La pili ni kile kiti. Na hilo la pili ndilo gumu kusemwa, kwani linatoka katika upendo.

Mtoto aliyelelewa vizuri huku mashariki haachi mzazi wake achote maji, afagie uwanja wala ainame kuwasha makala. "Ukae tu, mama, tutafanya sisi." Anayesema hivyo anasifiwa na majirani. Mwaka mmoja ukipita, mama hasimami tena kwenye kiti bila kuvutwa mkono. Mwingine ukipita, hashuki peke yake kwenda chooni. Watu wanasema ni uzee. Uzee upo, hakuna wa kuukana, lakini sehemu ya kile kinachoitwa uzee ni kukaa tu. Musuli usiofanya kazi unapungua, na kiungo kisichokunjwa kinakakamaa, kwa mzee kama kwa kijana aliyetoka kufunguliwa plasta mguuni. Tofauti ni kwamba kijana anaambiwa atembee, mzee anaambiwa apumzike.

Kiungo chenyewe kinachoanza kufunga mlango wa maisha ni nyonga. Wengi hawakiiti hivyo. Wanasema "kiuno kinaniuma" na kuonyesha mgongo wa chini, au pembeni ya paja, au kwenye kinena, kana kwamba pote ni pahali pamoja. Nyonga ni pale mfupa wa paja unapoingia kwenye mfupa wa fupanyonga: kichwa cha mviringo kama mpira mdogo, ndani ya bakuli. Kwa sababu ya umbo hilo, mguu unaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni, na pia kuzunguka. Lakini mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima anautumia mwendo mmoja tu, wa kukunja, tena nusu yake. Ile mingine inasahaulika. Halafu siku moja anataka kuruka mfereji wa maji ya mvua, au kupanda kwenye moto, na nyonga inakataa.

Ajabu ni kwamba jambo hili linatokea katika nchi inayojulikana duniani kwa nyonga zake. Rumba ya Congo iliingia kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mnamo Desemba 2021, na ndombolo haichezwi kwa mabega peke yake. Yule mama wa kwenye kiti, miaka 40 iliyopita, hakuhitaji mtu wa kumfundisha kuzungusha kiuno. Alikuwa anafanya mazoezi ya nyonga kila arusi na kila siku ya matoleo kanisani, bila kuyaita mazoezi. Leo akisimama kucheza kidogo, wajukuu wanashika simu ili wamchukue video na kucheka.

Hasara inayokuja baadaye haina kicheko. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi wana umri unaozidi miaka 60. Katika ajali zote zinazoua bila mtu kukusudia, kuanguka kunafuata mara moja nyuma ya ajali za barabarani. Hapa kwetu huku, mama mzee akianguka uani, habari hiyo haitangazwi popote. Familia inasema "alianguka tu", anawekwa kitandani, na baada ya miezi michache kunakuwa matanga. Tena ardhi yenyewe haimsaidii mtu. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na mwenye kutembea katika vichochoro vyake baada ya mvua anajua kwamba hakuna hatua mbili zinazofanana. Bukavu ni miteremko. Mtu wa Kadutu anaweza kupanda na kushuka asubuhi moja kuliko mtu wa tambarare kwa juma zima.

Na kuna jambo lingine ambalo wakaaji wa Kivu wanalijua kuliko wataalamu wa OMS. Huku, miguu ndiyo gari la kwanza. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22, na tena siku tano baadaye amri ya kuhama ilipotolewa, maelfu kwa maelfu ya watu walitoka Goma kwa miguu, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka. Vita navyo vimewatoa watu majumbani mara ambazo hakuna anayezihesabu tena. Kila mara, mwenye mzazi asiyeweza kutembea anasimama mbele ya swali lile lile: abebwe na nani? Familia nyingi zimejibu swali hilo kwa machozi. Kumfanya mzee asimame mwenyewe na kutembea kilometa mbili si mambo ya urembo wala ya watu wenye pesa.

Habari njema, kama neno hilo linaruhusiwa, ni kwamba dawa yake haiuzwi. Mwaka 2019, uchunguzi mmoja ulikusanya majaribio 108 yaliyofanywa juu ya watu wazima zaidi ya 23,000 wanaoishi majumbani mwao, na ukaona kwamba mazoezi yanapunguza kuanguka karibu kwa robo. Yaliyofanya kazi zaidi hayakuwa kukimbia. Yalikuwa mazoezi ya kusimama imara, na ya kurudia rudia mambo ya kila siku kama kuinuka na kukaa. Huko New Zealand, Chuo Kikuu cha Otago kilitengeneza programu ya namna hiyo tangu miaka ya 1990, ya kufanyiwa nyumbani. OMS nayo inapendekeza kwamba mwenye miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya usawa wa mwili na ya nguvu walau siku tatu kwa juma. Siku tatu. Hakuna mahali imeandikwa kwamba lazima kuwe na sale ya sporti, vioo na muziki.

Mwanzo wenyewe unaweza kuwa kile kile kiti cha plastiki. Kinasukumwa mpaka ukutani, kwani plastiki inateleza na imekwisha kuangusha wengi. Mzee anakaa mbele kidogo, si kuegemea, nyayo zote mbili chini, anainamisha kifua mbele, kisha anasimama bila kujisukuma kwa mikono. Anakaa tena polepole, bila kujitupa. Hapo kwenye kukaa polepole ndipo kuna kazi, na ndipo wengi wanadanganya. Mara tano zinatosha siku ya kwanza. Akishindwa kabisa bila mikono, atumie mikono, au kiti kiongezwe urefu kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri na kisichoteleza. Baada ya juma mbili tatu mara tano zitakuwa kumi, na hapo huyo mtu amekwisha kurudisha kitu ambacho watoto wake walidhani kimekwenda moja kwa moja: kutoka kitini mwenyewe.

Akiwa amesimama, ashike fremu ya mlango au nguzo ya baraza. Mguu mmoja unapelekwa pembeni bila kuinamisha mwili, unarudishwa. Halafu nyuma, kidogo tu, pasipo kupinda mgongo. Halafu goti linainuliwa mbele hadi karibu ya kiuno na kuchorwa mviringo hewani, kama mtu anayekoroga bugali kwa goti. Ni mazoezi ya kuchekesha, na yanaonekana mepesi mpaka mtu ayafanye mara kumi kila upande. Mguu unaobaki chini unafanya kazi kuliko ule unaozunguka, kwani ndio unaozuia mwili wote usiinamie upande.

Juu ya mkeka kuna mengine mawili. Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua matako mpaka mwili unyooke toka mabegani hadi magotini, kungoja pumzi mbili, kushuka. Hayo yanaamsha musuli wa matako, ambao kwa mwenye kukaa sana umelala usingizi mzito. Kisha kukaa chini, mikono nyuma, magoti yamekunjwa na nyayo zimeachana, na kuyaangusha magoti yote mawili upande wa kuume, halafu wa kushoto, polepole. Huo ndio mzunguko wa ndani ya bakuli la nyonga, mwendo unaopotea wa kwanza bila mtu kujua. Anayeshindwa kukaa chini kabisa asilazimishwe; kwake kiti na ukuta vinatosha kwa mwezi wa kwanza.

Kuhusu usawa wa mwili, kuna ngazi, na haifai kuruka ngazi. Kwanza ni kusimama karibu na ukuta miguu pamoja. Kisha mguu mmoja unasogezwa mbele nusu hatua. Kisha kisigino cha mbele kinagusa vidole vya nyuma, kama mtu aliyesimama juu ya ubao mwembamba. Mwisho ni mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na ukuta bila kuushika. Mwaka 2022, watafiti wa Brazil walitangaza matokeo ya watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75 walioombwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10. Mmoja kati ya watano alishindwa. Katika miaka karibu saba iliyofuata, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walioshindwa, hata baada ya kuhesabu umri na magonjwa. Hiyo haisemi kwamba kusimama kwa mguu mmoja kunazuia kifo, na wanaoieneza hivyo kwenye simu wanaongeza chumvi. Inasema kwamba mguu unaotetemeka ni alama ya mwili unaohitaji kuangaliwa. Sekunde 10 ni muda wa kusema Baba Yetu hadi katikati, kila mtu anaweza kujipima kabla ya kupiga meno asubuhi.

Kuna haya pia. Mama wa miaka 70 hatainua mguu mbele ya majirani akiwa na kikwembe, na hakuna sababu ya kumcheka kwa hilo. Afanyie chumbani, mlango umefungwa, mjukuu wa kike akiwa karibu. Kuna wazee waliokataa mazoezi si kwa uvivu ila kwa sababu aliyewaletea habari alikuwa kijana mwenye kaptula, akiwaagiza wapanue miguu uwanjani.

Mazoezi ya kuchuchumaa yanastahili maneno yake yenyewe, kwani kwa watu wengi wa huku si mazoezi, ni mahitaji. Choo cha shimo hakina kiti. Asiyeweza kuchuchumaa anaangukia katika aibu ambayo hakuna mzazi anayependa kuieleza kwa mtoto wake: anaanza kula kidogo na kunywa maji kidogo kusudi asiende mara nyingi. Watu wanaona anakonda, wanatafuta ugonjwa wa tumbo. Kumbe ni nyonga na magoti. Kurudi kwenye kuchuchumaa kunaanzia mbali: kushika nguzo kwa mikono miwili, miguu imeachana kidogo kuliko mabega, visigino chini, na kushuka robo tu. Juma linalofuata, zaidi kidogo. Visigino vikiinuka ni alama ya kuishia hapo kwa leo. Na wakati mwili unajifunza, kamba imara au mti uliofungwa ukutani mwa choo, wa kushika wakati wa kuinuka, ni gharama ndogo kuliko soda za siku moja ya sikukuu. Ni nyumba ngapi zilizojenga choo zikafikiria hilo?

Wapo watakaosema: mambo haya ni ya watu walioshiba. Mama anayebeba magunia kutoka bandarini Bukavu, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, anahitaji mazoezi gani tena? Swali ni la haki, na jibu la kumwambia "ongeza mazoezi" lingekuwa tusi. Anachohitaji yule mama kwanza ni mzigo mwepesi zaidi, malipo mazuri zaidi, na siku ya kupumzika. Hakuna zoezi la ukutani linaloweza kufuta kilo 50 za kila siku juu ya mgongo. Lakini si kweli kwamba mzigo ni mazoezi. Kubeba kunamfanya atembee ameinama, hatua fupi, nyonga zimekunjwa, mwendo mmoja toka asubuhi hadi jioni. Akifika nyumbani, dakika tano za kulala chali na kunyoosha mguu mmoja huku ule mwingine amekumbatia goti lake kifuani zinampa nyonga nafasi ambayo mzigo umeinyima kutwa. Ni kidogo. Si kitu bure.

Vivyo hivyo kwa mwendesha chukudu. Goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, kilometa baada ya kilometa, na karibu kila mmoja ana mguu wake anaoupenda. Baada ya miaka, nyonga mbili za mtu mmoja zinakuwa kama za watu wawili. Kubadilisha mguu kila anapopumzika, hata kama wa pili ni mzito kama wa mgeni, kungemsaidia. Nao wamotari, wanaokaa juu ya kiti toka alfajiri na kushuka wakitembea kama wazee wakiwa na miaka 30, wana dakika nyingi za kungoja wateja kwenye parking. Goti moja chini juu ya kitambaa, mguu mwingine mbele, na kusukuma kiuno mbele polepole mpaka sehemu ya juu ya paja la nyuma ivutike: pumzi tano kila upande. Wenzake watamcheka siku mbili. Siku ya tatu watauliza.

Kuna mipaka, na ni afadhali isemwe wazi, kwani huku mtu mwenye maumivu anapewa ushauri na kila apitaye. Zoezi linaruhusiwa kuvuta na kuchosha, haliruhusiwi kuchoma. Maumivu makali kwenye kinena, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, homa pamoja na nyonga inayouma, hayo ni ya kupelekwa kwa daktari, si ya kunyoosha. Kijana mwenye SS, yaani drepanositozi, anayeanza kuchechemea, aangaliwe upesi: ugonjwa huo unaweza kuzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja mpaka mfupa ukafa, na kumlazimisha mazoezi ni kumuumiza zaidi. Mwenye dawa za tansio anyanyuke polepole, angoje kizunguzungu kipite, ndipo aachie ukuta.

Na mzee aliyeanguka, mguu wake ukaonekana umefupika na unyayo umegeukia nje, amevunjika pale juu mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Huyo asivutwe. Asikandwe. Kuna familia zinazoanza kwa mwenye kuunga mifupa mtaani kwa sababu hospitali ni pesa, na hakuna wa kuwalaumu kirahisi wanaohesabu faranga. Lakini mvunjiko huo wa nyonga hauungwi kwa majani na mikono, na kila juma linalopotea linapunguza nafasi ya mtu kusimama tena. Hospitali kubwa za Goma na Bukavu zina wakinezi. Shida ni kwamba mgonjwa wa kawaida anakutana na mkinezi baada ya kuvunjika, wakati kazi yake ingekuwa na faida zaidi kabla.

Hapo ndipo lawama inapotoka kwenye familia na kwenda kwa wenye kupanga kazi ya afya. Wareko wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na habari za kipindupindu, za chanjo, za chandarua, na wanafanya vizuri. Hakuna anayewapa hata neno moja la kumwambia mama mzee aliye kwenye kiti mlangoni. Viongozi wa vikundi vya sporti vya siku ya Mungu nao wangeweza kuacha mstari mmoja wa nyuma, usiokimbia, unaofanyia kazi uwanjani mwa kanisa au shule, vijana wawili wakishika mikono ya wazee. Wapo wachungaji ambao wangetangaza jambo hilo bila kuombwa mara mbili.

Na kuna mahali ambapo hakuna haja ya kuita mkutano. Siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya, baadhi ya wanaoleta watoto ni bibi zao, kwani mama wa mtoto yuko sokoni au shambani. Bibi anafika saa moja, anakaa kwenye benchi mpaka saa nne, mtoto mgongoni. Muuguzi anasimama mbele yao kila mara kufundisha juu ya uji na kunawa mikono. Dakika kumi za somo hilo zingeweza kuwa za kusimama: mtoto apokewe na jirani, mikono ishike ukuta wa kituo, na bibi wote wainue goti moja kwa pamoja.